Amechaguliwa, lakini atacheza?



Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi wazazi tunaipenda sana methali hii. Tukimpeleka mtoto madrasa, tunaitaja. Tukimlipia masomo ya ziada hadi saa mbili za usiku, tunaitaja. Na siku hizi tunaitaja hata tunapompeleka uwanjani kucheza mpira. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mkunjo huo: unagharimu nini, nani anaulipia, na nani ananyimwa chake ili mwingine akunjwe vizuri.

Mwezi Mei mwaka 2024 nilikwenda Marekani, katika jimbo la Texas, kumtembelea dada yangu anayeishi nje kidogo ya mji wa Dallas. Tumenyonya ziwa moja, mimi nikamtangulia. Yeye ni muuguzi msaidizi, anafanya zamu ya usiku, na anawalea peke yake watoto wawili: binti ambaye wakati ule alikuwa na miaka 9 na nusu, na mvulana wa miaka 6.

Jumamosi ya kwanza, kabla usingizi wa safari haujanitoka, mpwa wangu alinivuta mkono tukaenda kumtazama akicheza. Nilichokikuta ni ligi ya mtaa, na niseme kweli, ilinifurahisha. Kocha alikuwa fundi bomba, mzazi kama wazazi wengine, halipwi hata senti. Wasichana walikuwa saba kila upande, maana kule watoto wa umri huo hawachezeshwi kumi na mmoja. Mmoja alikuwa anachuma maua karibu na kibendera cha kona, mwingine alisimama kuifunga kamba ya kiatu huku mpira ukimpita. Wakati wa mapumziko wakagawiwa vipande vya machungwa. Kila mtoto aliingia, na kila mtoto alicheza.

Hiyo ndiyo sheria ya ligi za namna hiyo. Chama kimoja kikubwa kinachoziendesha, AYSO, kilianzishwa California mwaka 1964, na kanuni yake kubwa ni kwamba kila mtoto atacheza, tena si chini ya nusu ya mchezo. Ukilipa ada, umeingia. Dada yangu alikuwa akilipa dola 140 kwa msimu, jezi ikiwa ndani yake.

Mpwa wangu siku ile alifunga mabao matatu. Baada ya kipenga cha mwisho akatokea bwana mmoja mwenye kofia na kibao cha kuandikia. Akamsalimia dada yangu kwa adabu, akamwambia binti yako ana miguu, mlete kwenye majaribio ya timu teule wiki ijayo.

Hapo ndipo hadithi yangu inapoanza.

Kule mpira wa watoto una ngazi mbili. Ngazi ya chini ni hiyo ya mtaa, ya kujifurahisha. Ngazi ya juu ni ya timu teule, ambako mtoto anachujwa, anafundishwa na kocha mwenye leseni anayelipwa mshahara, anafanya mazoezi mara tatu kwa wiki, na mwishoni mwa wiki anasafiri kucheza na timu za miji mingine. Kwa sisi tuliosoma shule za msingi za Tanzania, neno lake lipo tayari: kombaini. Aliyekuwa akiwika shuleni anachaguliwa kombaini ya kata, kisha ya wilaya, kisha ya mkoa, mpaka mashindano ya taifa ya shule za msingi, yale tuliyoyajua kwa jina la UMISHUMTA na ambayo siku hizi yanaitwa UMITASHUMTA.

Lakini iko tofauti moja. Kwetu ukichaguliwa kombaini, unapewa. Unapewa jezi, hata kama imekuzidi mabega. Unapewa nafasi kwenye lori, mahali pa kulala katika darasa la shule ya watu, na sahani ya wali na maharage. Kule ukichaguliwa, unapewa bili.

Majaribio yalichukua jioni mbili. Wasichana zaidi ya sitini, kila mmoja na namba mgongoni. Siku ya tatu barua ikaja kwenye kompyuta: hongera, amechaguliwa, timu ya pili. Chini ya pongezi hizo kulikuwa na hesabu. Ada ya mwaka, dola 2,600. Jezi, suti ya mazoezi na mkoba, dola 400. Mashindano matatu ya nje ya mji, Houston, San Antonio na Austin, kila familia ijitegemee kwa petroli na hoteli. Jibu litolewe ndani ya saa 48, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

Usiku ule tulikaa mezani jikoni, mimi na dada yangu, watoto wamelala. Alikuwa bado hajaenda zamu. Alichukua kalamu akajumlisha: 2,600 na 400, na kama 1,200 za safari, jumla 4,200. Kisha akafungua daftari lake la akiba. Mlikuwa na dola 3,900, na juu ya ukurasa ameandika kwa mkono wake: NAULI TANGA DESEMBA.

Fedha hizo nilikuwa nazijua. Mama yetu yuko Tanga, umri umekwenda, na mjukuu huyo alimwona mara moja tu, angali anabebwa. Mjukuu wa pili hajamwona kabisa. Kwa miaka mitatu dada yangu alikuwa akiongeza zamu ili Desemba ile aje na watoto wake. Na Mama alikuwa anahesabu miezi.

Dada yangu akaniuliza: "Kaka, unaonaje?"

Ndugu zangu, nilijibu haraka, na kwa sauti ya mtu mwenye hekima. Nikasema fedha za kumwona bibi haziendi kwenye mpira. Hilo lilikuwa na uzito wake, na laiti ningekomea hapo. Lakini nikaongeza: "Na tena mtoto wa kike. Mpira wenyewe utampeleka wapi?"

Dada yangu hakupandisha sauti. Aliweka kalamu chini, akasema: "Kaka, mwaka 1988 tulichaguliwa kombaini ya wilaya wote wawili. Wewe mpira wa miguu, mimi netiboli. Nani alipanda lori?"

Nilinyamaza, kwa sababu jibu nalijua. Mwaka ule Tanga nzima ilikuwa na wazimu wa michezo. Coastal Union ndiyo waliochukua ubingwa wa ligi ya Bara. Marehemu Baba alikuwa na nauli na posho ya mtoto mmoja. Hakutuuliza sisi wala Mama. Alisema, kijana aende, msichana akimaliza kucheza ataolewa. Nikapanda lori. Tulitolewa mechi ya pili, na mimi nilicheza dakika kumi. Miaka 36 ilikuwa imepita, na nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Baba, natoa hukumu ya Baba.

Kesho yake nikaona afadhali nitafute maarifa kabla ya kutoa ushauri mwingine. Nikaongea na wazazi pale uwanjani, nikasoma, nikauliza. Niliyoyapata nawapeni kwa ufupi.

La kwanza ni habari ya udhamini wa masomo. Wazazi wengi kule wanalipa timu teule wakiamini mwisho wake ni chuo kikuu bila ada. Hasa kwa wasichana imani hii ina msingi: sheria ya mwaka 1972 ilivikataza vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kuwabagua wanawake, hata michezoni, na tangu hapo mpira wa wasichana ulichanua hata Marekani ikachukua Kombe la Dunia la Wanawake mara nne, 1991, 1999, 2015 na 2019. Lakini tazameni hesabu. Kwa miaka mingi, mpaka kanuni zilipobadilishwa mwaka 2025, timu ya wanawake ya chuo cha daraja la kwanza iliruhusiwa kutoa udhamini kamili usiozidi 14, na aghalabu huo ukakatwakatwa vipande na kugawiwa kikosi cha watu ishirini na kitu. Mzazi anayelipa miaka minane ili mtoto apate robo ya ada ya chuo, angeziweka fedha zile benki tangu mwanzo asingepungukiwa. Kwa hiyo anayelipia timu teule alipie mpira wenyewe. Asilipie ndoto ya chuo.

La pili ni kuchaguliwa kwenyewe. Tunadhani jicho la kocha ni mizani. La hasha. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Canada walionyesha kwamba katika mpira wa magongo wa barafuni, watoto waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka wanajaa kwenye timu teule kuliko waliozaliwa mwishoni, na baadaye jambo hilo hilo likaonekana kwenye soka. Sababu ni nyepesi. Umri ukihesabiwa kuanzia Januari, mtoto wa Januari na wa Novemba wanashindana kana kwamba ni rika moja, na mmoja amemzidi mwenzake miezi kumi ya kukua. Kocha anaona ukubwa, anasema kipaji. Mpwa wangu amezaliwa Novemba. Timu ya pili aliyowekwa huenda ilieleza kalenda kuliko miguu yake. Na kalenda yenyewe ni ya kuandikwa na watu: vyama vikubwa vya vijana vya huko viliamua baadaye kwamba kuanzia msimu wa 2026/27 umri uhesabiwe kuanzia tarehe 1 Agosti. Mtoto aliyekuwa mdogo kuliko wote kundini atajikuta miongoni mwa wakubwa, bila ya kuota hata unywele mmoja zaidi.

La tatu ni habari ya mtu mmoja, nayo ndiyo iliyonigusa. Clint Dempsey alizaliwa mwaka 1983 katika mji mdogo wa Nacogdoches, huko huko Texas. Alichukuliwa na timu teule ya Dallas Texans, na wazazi wake, watu wa kipato kidogo, wakawa wanaendesha gari kama saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Nyumbani alikuwako dada yake, Jennifer, hodari wa tenisi, naye anahitaji ada na safari. Fedha hazikutosha watoto wawili. Clint akaachishwa ili dada yake aendelee. Kilichomrudisha ni wazazi wa wachezaji wenzake, waliojitolea kusaidia gharama na usafiri. Jennifer alifariki ghafla mwaka 1995, akiwa na miaka 16. Ndugu yake akaja kufunga mabao katika Kombe la Dunia la 2006, la 2010 na la 2014, na kumaliza na mabao 57 kwa taifa lake, sawa na Landon Donovan. Watu wanaisimulia habari hii kwa ajili ya mabao. Mimi niliibeba kwa sababu nyingine. Kumbe hata katika nchi ya utajiri ule, baba na mama walikaa mezani usiku wakiuliza ni mtoto yupi. Tofauti yao na nyumbani kwetu ni kwamba wao kijana ndiye aliyebaki.

Basi saa 48 zikawa zinakwisha. Nikamwambia dada yangu, samahani kwa nililolisema. Uamuzi ni wako, lakini kabla hujaamua, twende tukamuulize yule bwana wa kofia maswali matatu.

Tulikwenda. Swali la kwanza: mtoto huyu atacheza dakika ngapi? Yule bwana, nampa haki yake, hakutudanganya. Alisema mechi za ligi, nusu ya mchezo au karibu na hapo. Kwenye mashindano, haahidi kitu. Swali la pili: mwaka mzima, pamoja na yote, ni kiasi gani, na je, hakuna msaada? Hapo ndipo akatoa fomu ya kupunguziwa ada. Fomu ilikuwapo siku zote. Katika barua ile ya hongera haikutajwa hata kwa mstari mmoja. Swali la tatu: mtoto akichoka au mzazi akishindwa katikati ya mwaka, mlango wa kurudi uko wapi? Akajibu kwamba ukishatia saini, ada ya mwaka mzima ni deni, uwe umecheza au hukucheza. Wazazi wawili waliokuwa karibu waligeuka kusikiliza. Wao walikuwa wametia saini tayari.

Likabaki swali la nne, ambalo sisi wakubwa tulikuwa tumelisahau. Tukamuuliza mtoto mwenyewe. Hakuuliza juu ya Houston wala suti ya mazoezi. Alisema: "Mjomba, kule timu ya mtaa mimi ndiye ninayejua kuliko wote. Nikikosea, hakuna anayeniambia. Nataka mtu wa kuniambia." Kisha akafikiri kidogo, akasema: "Lakini nikikaa benchi kila siku, nitarudi."

Ndugu wasikilizaji, nimeketi na viongozi wa vilabu vikubwa vya nchi hii, na sijasikia maelezo bora zaidi ya maana ya kupanda ngazi.

Jioni ile tukampigia Mama simu, kwa sababu nauli ile ilikuwa ahadi kwake. Nilidhani atalia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwaka ule mimi nilikuwa nimekwisha mfungia mama yake kanga mbili na mkate wa kumimina. Baba yenu akakataa. Mkate wake ukaula wewe ndani ya lori. Mwacheni mtoto acheze. Mimi nipo."

Sikuwa na la kujibu. Mkate ule naukumbuka, ulikuwa mtamu.

Ada ilipunguzwa nusu. Safari za miji ya mbali wakagawana gari na familia nyingine. Fedha za Tanga hazikwisha, bali zilichelewa mwaka mmoja, na mwaka mmoja kwa mtu wa umri wa Mama si jambo dogo. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani haikugharimu kitu. Mtoto naye hakuwa nyota. Msimu wa kwanza mara nyingine alipata nusu ya mchezo, mara nyingine robo. Mara mbili alilia garini mpaka nyumbani. Shoga yake wa timu ya mtaa wakawa hawaonani Jumamosi. Mwisho wa msimu mama yake akamuuliza, unarudi au unabaki? Akabaki. Bado yuko timu ya pili, na anajua kupiga mpira kwa mguu wa kushoto, jambo ambalo fundi bomba asingeweza kumfundisha, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui.

Desemba 2025 walikuja. Mama alikuwapo, kama alivyosema. Uwani kwetu Tanga watoto wa jirani walikuwa wanacheza chandimu kwa mpira wa matambara na kamba. Mpwa wangu alivua viatu akaingia, hakuna aliyempa namba wala fomu, na kitoto cha miaka minane kikampiga chenga mbele ya bibi yake. Kisha Mama akatoka jikoni na mkate wa kumimina. Wajukuu wakanyoosha mikono. Akawapita wote, akampa dada yangu mzima mzima.

Nimewaeleza haya, wasikilizaji, kwa sababu bili ile haikubaki Texas. Dar es Salaam sasa ziko akademi za soka za kulipia, na Nairobi hali kadhalika. Jumamosi asubuhi utawaona wazazi pembeni ya uwanja, na bwana wa kofia naye yupo. Sisemi ni jambo baya. Mtoto anayetaka kujua zaidi anastahili mtu wa kumfundisha zaidi. Ninachosema ni kwamba neno "amechaguliwa" lisitulevye. Uliza atacheza dakika ngapi. Uliza gharama yote, iandikwe kwenye karatasi moja, na uliza kama kuna fomu ambayo hukuonyeshwa. Uliza mlango wa kurudi. Muulize mtoto mwenyewe. Halafu, ukishafika nyumbani, watazame wale wengine wa nyumba hiyo, hasa msichana aliyenyamaza kwenye pembe, ujue mkate wa nani unaliwa.

Kwa leo ni hayo. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.